Upelelezi Hutangulia Risasi, Hata Shambani

Kila askari aliyepita mafunzoni, awe kuruta au afisa aliyetoka chuo cha kadeti, amefundishwa kanuni moja isiyobadilika: upelelezi hutangulia risasi. Mpiganaji asiyemjua adui yake hupoteza risasi bure, huwaumiza wasio na hatia, na mwishowe humwachia adui nafasi ya kujipanga upya. Leo twapenda kuwaambia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, hasa walioko Kasese, Bwera na Katwe, kwamba kanuni hiyo haikomi kwenye uwanja wa vita. Inatufuata hadi shambani. Shahidi wetu katika jambo hili ni mdudu mdogo mno, nyigu asiyefikia milimita mbili kwa urefu, ambaye wengi wetu twaishi naye jirani bila kumtambua.

Huenda msomaji akauliza, askari na mdudu wapi na wapi? Jibu ni jepesi. Askari naye hula. Jamaa zake hulima vipande vya ardhi karibu na kambi, na yeye mwenyewe akistaafu hurudi kijijini kushika jembe. Mtazame askari aliyepangwa Katwe. Mji ule umezungukwa na hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Kazi ya watu wake tangu enzi za mababu ni kuchimba chumvi ziwani na kuvua samaki. Unga wa muhogo, ndizi na mboga hutoka juu, Bwera na miteremko ya Rwenzori, nayo chumvi hupanda kwenda huko. Basi mihogo ikiharibika Bwera, njaa hubisha hodi Katwe, na bundu, yaani ule ugali wa muhogo wa Wakonzo, huadimika sahanini. Anayelinda usalama wa wilaya hana budi kujua pia ni nani anayelinda chakula chake.

Sasa tumweleze mlinzi huyo. Wataalamu wa elimu ya wadudu huliita kabila lake Anagyrus. Kwa lugha ya sayansi hilo ni jina la jenasi, yaani ukoo wenye spishi nyingi zinazofanana kwa umbo na desturi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1896 na Mmarekani L. O. Howard, na tangu wakati huo spishi zaidi ya 250 zimekwisha kuandikwa kutoka pande nyingi za dunia. Msomaji asidhani twamzungumzia yule nyigu ajengaye nyumba ya udongo dirishani, wala yule anayemchoma mtu shingoni. Nyigu wa Anagyrus hajengi nyumba, haishi kwa makundi, wala hamdhuru binadamu. Ukimwona juu ya jani la muhogo utadhani ni chembe ya vumbi jeusi inayotembea.

Lakini chembe hiyo imeumbwa kwa ustadi wa ajabu. Kichwani mwa jike mna vipapasio viwili, na pingili ndefu ya kwanza ya kila kipapasio imepanuka na kubapa kama kafi. Rangi nyeusi na nyeupe hupishana juu ya vipapasio hivyo. Kwa hivyo hugonga-gonga jani na kunusa, kama askari anayepima ardhi yenye mabomu kwa ncha ya fimbo. Ana mabawa manne membamba yenye mishipa michache. Miguu yake ya kati ina mwiba imara, nayo misuli ya ubavu wa kifua imejaa nguvu, hata akishtuliwa huruka mruko mkubwa kupita kimo cha mwili wake. Mwisho wa tumbo la jike mna mrija mwembamba wa kutagia, mkali kama sindano. Mrija huo ndio silaha yake, nayo haitumii ovyo.

Adui wake ni nani? Ni vidung'ata, wale wadudu laini, wenye mwili uliofunikwa na nta nyeupe kana kwamba wamepakwa unga, wanaojikusanya kwenye vikonyo, chini ya majani na katika ncha changa za mimea. Vidung'ata hunyonya utomvu. Kidung'ata wa muhogo hufanya ubaya zaidi, maana mate yake huufanya mmea udumae: majani ya juu hujikunja na kubanana kama ngumi, na pingili za shina hufupika. Aina hiyo haihitaji dume. Kila mmoja ni jike, na kila jike hutaga mayai mamia kadhaa. Mdudu mmoja tu akipanda juu ya kijiti cha mbegu anatosha kuanzisha jeshi zima.

Nyigu jike akimpata kidung'ata humkagua kwanza kwa vipapasio. Akiwa mdogo mno, asiyefaa kulea yai, mara nyingi humdunga na kunyonya maji ya mwili wake, na hiyo ndiyo posho yake ya safari. Akiwa mkubwa wa kutosha, nyigu hugeuka, humdunga kwa mrija, na kuacha yai ndani yake. Yai huanguliwa, funza hula kidung'ata kutoka ndani, na kile kilichokuwa mdudu laini huvimba, hukauka na kugeuka ganda gumu la rangi ya kahawia lenye umbo la pipa. Baada ya majuma mawili hadi matatu hivi, kulingana na joto, nyigu mpya hukata tundu la mviringo katika ganda hilo na kutoka. Kidung'ata mmoja kwa kawaida hulea nyigu mmoja.

Tena jike huchagua jinsia ya watoto wake. Yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Katika vidung'ata wadogo mara nyingi huweka madume, na katika wakubwa huweka majike, kwa kuwa jike ndiye anayehitaji chakula kingi ili aje kutaga kwa wingi. Tunamwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji tutakapozungumzia mbolea.

Je, nyigu mdogo namna hii humwonaje adui katika shamba la ekari nzima? Uchunguzi umeonyesha kwamba muhogo ulioshambuliwa hutoa harufu, na nyigu wa muhogo huifuata. Hata majani ya mmea huo ambayo hayajaguswa na mdudu hutoa wito huo. Mmea ndio mpiga mbiu. Lakini adui naye ana walinzi. Vidung'ata hutoa maji matamu, na sisimizi huyapenda mno. Kwa sababu ya utamu huo sisimizi huwazunguka vidung'ata na kuwafukuza nyigu. Hivyo shambani mna adui, mna rafiki, na mna walinzi wa kukodiwa wa adui. Anayefika na bomba la dawa mgongoni bila kuwatenganisha hao watatu ni sawa na askari anayefyatua bunduki gizani.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa ushahidi wa jambo hili, na sehemu yake kubwa ilitendeka kwa msaada wa nchi hii yetu ya Uganda.

Tangu mwaka 1923, katika eneo la Thika nchini Kenya, kidung'ata alianza kuharibu kahawa. Hakuishia kwenye mashamba ya walowezi. Alishambulia pia mimea ya chakula ya wananchi, kama viazi vikuu na mbaazi, na akaenea katika nyanda za juu upande wa mashariki ya Bonde la Ufa. Wakulima walipaka mafuta mazito ya kunata kuzunguka vigogo vya mibuni ili sisimizi wasipande, na njia hiyo ilisaidia kiasi, lakini kazi ilikuwa kubwa na vita havikwisha. Wakatafutwa nyigu wa kumla mdudu huyo. Walitafutwa wapi? Mbali sana, hata Asia. Sababu ni kwamba wataalamu walimdhania kuwa ni kidung'ata anayejulikana huko. Kwanza walimwita kwa jina la yule wa michungwa, kisha wakamwita kwa jina la spishi nyingine ya Asia. Nyigu walioletwa kutoka huko hawakumgusa. Hawakuwa wavivu, bali walipelekwa kumkamata asiyekuwa mtuhumiwa wao.

Mambo yalibadilika mwaka 1935, R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Kenya ya wakati huo, alipoonyesha kwamba mdudu huyo ni spishi ya pekee, akampa jina ambalo leo huandikwa Planococcus kenyae. Jina lilipopatikana, kwao pia kulipatikana. Ikabainika kwamba mdudu huyo ni mwenyeji wa Uganda na Tanganyika, na kwamba hapa Uganda alikuwepo siku zote bila kuleta balaa. Kwa nini? Kwa sababu hapa walikuwapo wanaomzuia. Mwaka 1938 nyigu wakakusanywa Uganda na kupelekwa Kenya, wakalelewa na kuachiliwa mashambani. Miongoni mwao walikuwamo wa jenasi ya Anagyrus, na mmoja wao alifananishwa na ile spishi iitwayo Anagyrus kivuensis, jina litokanalo na Kivu, nchi jirani ya hapa Bwera. Nyigu hao walikaa, wakazaana, wakamshinda adui. Mwaka 1959 A. R. Melville alikadiria kwamba kazi yote iligharimu si zaidi ya pauni 30,000, na ilikuwa imeokoa pauni milioni 10.

Tuitafakari hesabu hiyo. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya 1923 na 1935. Silaha ilikuwa jirani, siku moja au mbili kwa gari moshi, lakini haikuweza kutafutwa penyewe kwa kuwa adui hakuwa na jina lake sahihi. Fedha, safari na jasho vilikwenda mbali kwa ajili ya kosa la utambuzi.

Mtu angedhani somo hilo lilitosha. Lakini miaka arobaini baadaye lilijirudia, safari hii kwa muhogo. Mwaka 1973 kidung'ata asiyejulikana alionekana katika mihogo ya Kongo, karibu na miji ya Kinshasa na Brazzaville. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, nao wataalamu walitambua kwamba mdudu huyo alitoka huko huko, yaelekea alisafiri juu ya vijiti vya kupandia. Huku Afrika hakumkuta adui yake wa zamani, akawa kama mhalifu aliyehamia mji usio na kituo cha polisi. Akaenea nchi hadi nchi katika ukanda wa muhogo, na mahali pengine mavuno yalipungua hata kwa asilimia 80.

Mwaka 1977 Mfaransa Danièle Matile-Ferrero alimpa jina la Phenacoccus manihoti. Msako ukaanza Amerika. Kaskazini ya Amerika ya Kusini wakapatikana vidung'ata wa muhogo waliofanana naye sana, wakachukuliwa maadui zao, lakini maadui hao hawakumtaka mdudu wa Afrika. Baadaye ilionekana wazi kwamba yule wa kaskazini alikuwa spishi nyingine kabisa. Kosa la Kenya limerudi kwa mavazi mengine! Mwaka 1981 Anthony Bellotti, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Kolombia, alimpata mdudu wa kweli nchini Paraguay. Pamoja naye akapatikana nyigu wa jenasi ileile ya Anagyrus, ambaye Mwargentina Luis De Santis alikwisha kumwandika mwaka 1964, na leo huitwa Anagyrus lopezi.

Nyigu huyo hakumwagwa hivi hivi barani Afrika. Alipitishwa kwanza karantini Uingereza, akachunguzwa asije akaleta madhara mengine, ndipo akapelekwa katika taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria. Huko kazi iliongozwa na Hans Rudolf Herren wa Uswisi. Mwaka ule ule wa 1981 wa kwanza wakaachiliwa. Katika miaka iliyofuata alifika katika nchi zaidi ya ishirini za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, mahali pengine kwa kupelekwa na watu, pengine kwa mabawa yake mwenyewe. Mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Na kidung'ata huyo alipoingia Thailand mwaka 2008, wataalamu wa huko walikuja kumchukua nyigu Benin, mwaka 2009. Bara letu, lililozoea kuitwa mwombaji, likawa mtoaji, kama Uganda ilivyokuwa mtoaji mwaka 1938.

Hayo ndiyo matukio. Sasa tuseme maoni yetu.

La kwanza ni juu ya bomba la dawa. Imekuwa desturi katika mashamba mengi, hata ya askari, kwamba mdudu yeyote akionekana, dawa inanunuliwa dukani na kunyunyizwa siku hiyo hiyo. Anayefanya hivyo huona fahari, maana amechukua hatua. Lakini atazame vizuri ni nani anayekufa. Kidung'ata amevaa koti la nta, tena amejificha ndani ya majani yaliyobanana, dawa haimfikii sawasawa. Nyigu hana koti wala handaki. Yeye hutembea wazi juu ya jani, na ndiye afaye wa kwanza. Baada ya majuma machache vidung'ata walionusurika huzaana bila wa kuwazuia, na mkulima hurudi dukani. Kenya iliyaona haya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kahawa iliponyunyizwa dawa kali kama DDT na parathioni: wadudu wala majani waliokuwa wadogo kwa sifa wakageuka tishio, kwa sababu waliokuwa wakiwala wameuawa.

Hatusemi kwamba dawa zote zitupwe. Kuna wakati dawa ni ya lazima, kama vile kuna wakati risasi ni ya lazima. Tunasema tu kwamba risasi iwe ya mwisho, nayo itanguliwe na upelelezi. Kabla ya kununua dawa, mkulima akate ncha moja ya muhogo au tawi la mbuni, aitazame kwenye mwanga. Akiona maganda ya kahawia yaliyovimba, na mengine yana tundu la mviringo, ajue jeshi la rafiki limekwisha kufika na vita vinaendelea. Amwachie nyigu kazi yake. Akiona vidung'ata weupe peke yao na sisimizi wengi, awashughulikie sisimizi kwanza, na amwite bwana shamba.

Wapo watakaosema kwamba njia ya nyigu ni ya polepole, na kwamba mwenye njaa hawezi kungoja. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuitazame kwa hesabu ya muda. Dawa hufanya kazi siku chache, kisha huhitaji fedha mpya. Nyigu wa mwaka 1938 waliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya wale waliowabeba kustaafu. Hakuna anayewalipa mshahara, wala hawaombi likizo. Kipi basi ni cha haraka: kile kinachoanza leo na kukoma kesho, au kile kinachochelewa kidogo na kudumu?

La pili ni juu ya udongo. Ilionekana katika Afrika kwamba penye mchanga duni, usio na rutuba, nyigu hakufaulu vizuri kama kwingine. Hapo ndipo lile jambo la jinsia linapoingia. Muhogo dhaifu hulea vidung'ata wadogo, na vidung'ata wadogo huzaa nyigu madume wengi na majike wachache, na jeshi lisilo na majike haliongezeki. Lakini shamba lililowekwa samadi na kufunikwa kwa majani makavu hulea mihogo yenye nguvu, na mihogo hiyo humwezesha nyigu kuzaa majike. Kwa hiyo askari anayeweka samadi katika shamba la kambi anawaongezea nyigu askari wao.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni juu ya mpaka. Mpondwe ni mlango. Kila siku watu, mizigo na baiskeli huvuka kati ya Uganda na Kongo, na wengi wao ni ndugu wa damu wenye lugha moja pande zote mbili za mto Lhubiriha. Vijiti vya mihogo vilivyofungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli havionekani kuwa kitu cha hatari. Hata hivyo ni kwa njia kama hiyo kidung'ata hupanda gari bila tikiti. Tena si yeye tu. Maradhi ya virusi kama batobato, na ile michirizi ya kahawia iliyozuka upya Uganda mwaka 2004, husafiri ndani ya vijiti hivyo hivyo, na maradhi hayo hakuna nyigu anayeyaponya. Nyigu wa Anagyrus ni hodari kwa adui mmoja tu. Kumtegemea kwa kila balaa ni kumwonea.

Na vidung'ata wapya wanakuja. Yule wa mipapai, atokaye Amerika ya Kati, ambaye hushambulia pia muhogo, alithibitishwa kuwapo Kenya mwaka 2016. India ilipomkabili mwaka 2010 iliagiza nyigu wa aina tatu, na mmoja wao alikuwa wa ukoo huu huu, Anagyrus loecki. Maana yake ni kwamba swali la Thika la mwaka 1923 halijazeeka. Kila mdudu mweupe anayeonekana katika jani la Bwera au Kisinga ni lazima aulizwe: wewe ni nani hasa, na kwenu ni wapi? Macho ya kawaida hayawezi kulijibu swali hilo, maana vidung'ata hufanana kama punje za mchele. Ndiyo sababu zipo taasisi za utafiti kule Namulonge na Kawanda, na wapo wakaguzi wa mimea wa Wizara ya Kilimo. Kazi ya askari na polisi ni kuhakikisha kwamba kielelezo kinawafikia.

Hapa tunataka kueleweka sawasawa. Hatumwombi polisi wa Mpondwe amnyang'anye mama mzee mzigo wake wa vijiti, wala amtoze chochote, wala amtazame kama mhalifu. Tumetumia maneno ya vita katika makala haya kwa ajili ya wadudu, si kwa ajili ya watu. Mwananchi avukaye na mbegu anatafuta chakula cha watoto wake, na ole wake askari atakayegeuza elimu hii kuwa njia ya kujipatia kitu kidogo. Tunachoomba ni adabu na utaratibu: mwambie mama sababu, mwelekeze kwa mkaguzi wa mimea, na umsaidie kujua mahali pa kupata mbegu safi upande huu. Mama akieleweshwa vizuri leo, kesho atakuwa mlinzi wa mpaka kuliko sisi, maana yeye hufika katika mashamba ambayo doria zetu hazifiki.

Tunapendekeza basi mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila kambi na kila kituo cha polisi chenye shamba kimteue askari mmoja wa kulikagua kila juma na kuandika anachokiona, kama tunavyoandika katika kitabu cha zamu. Dawa isinyunyizwe katika shamba la kambi mpaka mdudu ametambuliwa na bwana shamba. Mbegu za muhogo zisihamishwe kutoka kituo hadi kituo askari wanapohamishwa, hata kama ni nzuri machoni. Na katika mafunzo ya askari walioko mpakani, saa moja itengwe kwa ajili ya mkaguzi wa mimea aje aonyeshe kidung'ata, ganda lenye tundu, na nyigu mwenyewe chini ya kioo cha kukuzia. Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti kubwa.

Wahenga walisema, usimdharau mdogo, na wengi wetu huyasema maneno hayo kwa mdomo tu. Hapa tumeona maana yake kwa tarakimu: miaka kumi na miwili iliyopotea kwa jina lisilo sahihi, na pauni milioni 10 zilizookolewa na viumbe ambao ishirini wangeweza kukaa juu ya ukucha mmoja. Wanajeshi na polisi wa Kasese wamekabidhiwa wilaya yenye mlima, hifadhi, ziwa la chumvi na mpaka. Wailinde yote, pamoja na mlinzi huyu asiye na sare. Na siku mdudu mweupe atakapoonekana kambini, amri ya kwanza isiwe "nyunyiza", bali iwe "tambua".